Mtoto Aliyeandikwa Tuma

"Mimi sikusema mtoto atumwe. Nilisema anaitwa Tumaini. Wewe ndiye uliyeishia njiani."

"Mama, mimi sikuishia njiani. Daftari ndilo lililoishia hapo. Soma mwenyewe: Tuma. Kuna herufi imefutika?"

"Haijafutika. Haikuandikwa."

"Basi kisichoandikwa hakipo. Unagombania kitu ambacho hakipo, na foleni inakusubiri."

"Na mwanangu anayezungushwa ofisi hadi ofisi mwaka wa saba huu, naye hayupo?"

"Yupo," karani akasema. "Ndiyo maana anatumwa."

Nilikuwa nyuma ya yule mama, na nasema kweli, nilikuwa upande wa karani. Si kwamba nilimwona ana haki. Nilitaka tu nigongewe muhuri wangu wa ugeni nikatafute chakula. Mimi si mtu wa kusubiri. Kwenye foleni huwa nahesabu walio mbele yangu na kuwapangia jinsi wangeweza kufanya upesi.

Karani aliitwa Shomvi. Dirisha lake lilikuwa la saba, la mwisho, na mbele yake kulikuwa na daftari kubwa kama mlango wa kabati. Yule mama alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili zisizofanana, na shingoni amening'iniza kijitabu kidogo kwa uzi. Wote pale walikuwa na kijitabu cha namna hiyo. Mimi tu sikuwa nacho.

Watu wa nyuma wakaanza kupiga makofi taratibu, pamoja, bila hasira. Kutoka chumba cha vioo katikati ya ukumbi akatoka bwana mmoja mnene kiasi, amevaa glavu nyeupe. Makofi yakazidi. Mbele ya chumba chake kulikuwa na kisanduku cha chuma kinachonifikia magotini. Akafunua kifuniko, ndani kuna kitufe chekundu ukubwa wa kitumbua. Akakibonyeza, akakishikilia, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Giza. Hakukuwa na sauti, hata ya pumzi yangu mwenyewe.

Mwanga uliporudi nilikuwa palepale niliposimama. Foleni haikuwepo. Yule mama hakuwepo. Shomvi alikuwa anafungua daftari lake kana kwamba ndiyo kwanza amefika kazini.

"Karibu mgeni. Leo wewe ndiye wa kwanza."

"Na yule mama?"

"Mama yupi?"

"Uliyekuwa unagombana naye sasa hivi. Mtoto wake Tumaini."

Shomvi akafungua kijitabu chake cha shingoni, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Sina ugomvi leo," akasema, na akanigongea muhuri.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya pili katika nchi ya Katiko.

Nilifikaje huko si habari. Nilifika. Lakini niseme mimi ni nani, maana inahusika. Nina stashahada ya uhazili, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa katika ofisi ya shule mbele ya kompyuta inayoganda. Ikiganda, sibembelezi. Nashikilia kitufe mpaka izimike, naiwasha upya, naendelea. Binti yangu Mwasiti, aliyekwenda mbali kusomea mambo hayo hayo ya kompyuta, aliwahi kuniambia, "Mama, ukiizima hivyo unaikata katikati ya sentensi. Iulize kwanza kama imemaliza." Nikamwambia kompyuta haina sentensi, ina uvivu. Kwa hiyo nilipomwona yule bwana wa glavu akihesabu hadi tano, nilimwelewa. Mkono wangu mwenyewe unaijua hesabu hiyo.

Sheria ya Katiko ni moja, nyingine zote zimezaliwa nayo: jambo likikwama, libonyezwe. Kitendo chenyewe wanakiita Mbonyezo. Zamani ulikuja mara moja kwa mwaka, siku hizi huja mara tatu kwa siku, na siku ya soko hata sita. Kitufe kikibonyezwa, nchi nzima inazimika. Ikiwaka, kila raia anajikuta mahali alipojiandika mara ya mwisho kwenye kijitabu chake, akiwa anajua yale tu aliyoyaandika. Mengine yamekwenda. Mgeni hana kijitabu, kwa hiyo mgeni anabaki alipokuwa na anakumbuka yote. Sijakaa mahali penye upweke kama ule. Unazungumza na mtu asubuhi, mnacheka, mnapatana mkutane mchana, na mchana anakuuliza wewe ni nani.

Raia wa Katiko wako aina mbili. Wapo wanaoandika kila wanachofanya, na hao hawafanyi chochote, maana mikono yote miwili iko kwenye kijitabu. Nilimwona mwanamke ameandika "nimeinua sufuria", akainua sufuria, akaitua ili aandike kwamba ameitua. Na wapo wanaofanya kazi kwelikweli, na hao ndio wanaopoteza. Fundi mmoja karibu na nilipolala alikuwa anajenga ukuta wa nyumba yake. Anapanga matofali mpaka kiunoni, Mbonyezo unakuja, anajikuta kitandani. Anatoka nje, anaukuta ukuta, anasema, "Nani kaniwekea ukuta kiwanjani kwangu?" Anaubomoa. Anaanza.

Hawaumui mkate. Hawachemshi maharage, wanakula mihogo mibichi na matunda. Kinyozi ananyoa upande mmoja, ule unaowahi. Kwenye mgahawa nilikula karibu na mume na mke waliokuwa wakinuniana kila siku mlo mzima, na kila siku, wakati wa kunawa, yule mume alisema neno moja la upole, na mke akacheka, na wakashikana mikono juu ya meza. Kisha giza. Walikuwa wameandika ugomvi, siku ulipotokea, kila mmoja kwa urefu. Suluhu haikuwahi kuandikwa, kwa sababu mtu akishikwa mkono haandiki.

Utauliza kwa nini hawaachi. Niliuliza pia. Jibu ni kwamba nchi ikishawaka, sheria inataka Ukaguzi. Wakaguzi wanapita nyumba kwa nyumba, wanahesabu watu, milango na vijiko, waone kama kuna kilichovunjika. Ukaguzi unachukua nusu ya siku. Wakati wa Ukaguzi ofisi zinakwenda polepole, foleni zinarefuka, watu wanachoka, wanapiga makofi. Wakipiga makofi, panabonyezwa. Panapobonyezwa, panakuwa na Ukaguzi.

Nilikwenda kusikiliza Baraza lao likijadili jambo hilo. Mjumbe mmoja akasema nchi inachelewa kwa sababu ya majina marefu: karani anaandika Mwanaidi, Mbonyezo unamkuta kwenye herufi ya tano, jina linavunjika, malalamiko yanazaliwa. Akapendekeza Sheria ya Herufi Nne. Jina lolote lisizidi herufi nne, na jina lolote ambalo tayari lina herufi nne lihesabiwe limekamilika na lisiguswe tena. Mwingine akauliza Mwanaidi mwenyewe atafanywaje. Akajibiwa kwamba atachagua, Mwan au Aidi. Hapo akasimama mjumbe mwembamba wa benchi la nyuma, akasema, "Waheshimiwa, sababu ya ucheleweshaji ni—" na giza likashuka. Ilipowaka, akafungua kijitabu chake, akasoma kwa sauti, "Sababu ya ucheleweshaji ni." Akageuza ukurasa, hakuna kitu. Spika akamuuliza anaunga mkono au anapinga. Akasema anaunga mkono. Sheria ikapita, ianze kutumika na Mbonyezo wa alasiri ya siku iliyofuata.

Nilitoka Barazani nikaanza kumtafuta yule mama. Sikujua nitamwambia nini. Nilijua tu kwamba mimi ndiye mtu pekee katika nchi ile niliyekumbuka kwamba aligombana.

Nilimpata kwake, chumba kimoja nyuma ya stoo ya karatasi. Aliitwa Sikudhani. Nilipomweleza nilikuwa nyuma yake dirishani, alikaa chini.

"Tulifika wapi?" akaniuliza.

"Vipi tulifika wapi?"

"Mimi na karani. Nikiamka, kuhusu yeye huwa nina maneno haya tu." Akanionyesha kijitabu chake. Kurasa nzima, mwaka hadi mwaka, sentensi moja: *Nenda dirisha la saba. Mwambie ni Tumaini.* "Najua naenda. Sijui kamwe nilifika wapi. Alikasirika? Alikubali?"

"Alisema kisichoandikwa hakipo."

"Eh. Na mimi?"

"Wewe ulimjibu vizuri. Ulimuuliza kama mtoto naye hayupo."

Akatabasamu kama mtu aliyepewa habari za ndugu yake wa mbali. "Nilisema hivyo? Ndivyo ningesema."

Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, alikoandika mkasa wote na njia anazopita mtoto, akanieleza. Siku ya kumwandikisha mtoto alimbeba mgongoni mpaka dirisha la saba. Karani akauliza jina, akasema Tumaini, karani akaanza kuandika. T, u, m, a. Giza. Ilipowaka, daftari lilisema Tuma, na katika Katiko daftari halisomwi kama jina au kama habari, linasomwa kama linavyosema. Liliposema tuma, ofisi ikamtuma. Halikusema wapi. Kwa hiyo ofisi ya kwanza ikampeleka ya pili, ya pili ikagonga muhuri wa kupokea, ikampeleka ya tatu. Alipelekwa akiwa mchanga ndani ya kikapu. Sasa ana miaka saba na anakwenda kwa miguu yake, na kadi shingoni yenye mihuri mpaka haina nafasi, wamemuunganishia karatasi nyingine kwa pini. Halali mahali pamoja mara mbili.

"Unamwona?"

"Alhamisi huwa anapita hapa, kutoka ofisi ya Mizani kwenda ofisi ya Maji. Namkimbilia na kitu cha kula. Ananiamkia. Ana adabu, sijui nani anamfundisha." Akakiangalia kijitabu chake. "Ananiita mama kama anavyomwita kila mwanamke."

Mimi si mtu wa kulia kwenye nyumba za watu. Nilimuuliza kama kuna maji ya chai. Akasema yapo ila hayajawahi kuchemka.

Tukakaa na vikombe vya maji ya uvuguvugu. Akaniuliza kama nina mtoto, nikasema ninaye, Mwasiti, yuko mbali. Akauliza anasemaje. Mara ya mwisho Mwasiti aliponipigia simu nilikuwa na barua nne za mwalimu mkuu mezani na kompyuta imeganda. Alikuwa anazungukazunguka kama kawaida yake. Nikamwambia sema upesi. Akasema, "Mama, nilitaka kukua—" nami nikasema haya, baadaye, nikakata. Hakupiga tena. Ilikuwa miezi minne sasa. Huenda alitaka kuniambia jambo. Huenda alitaka kuniaga. Lakini nilivyomkata, sentensi yake imebaki imekamilika: Mama, nilitaka kukua. Naisoma hivyo kila ninaposugua vyombo.

Sikumweleza Sikudhani yote hayo. Nilisema, "Hajambo," na yeye akaniangalia kama anayesubiri iliyobaki.

"Kesho alasiri," nikamwambia, "Sheria ya Herufi Nne inaanza. Tuma ni herufi nne."

Alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Kisha akachukua kalamu na, chini ya sentensi yake ya miaka saba, akaandika: *Kesho ndiyo mwisho.*

Kesho yake ikawa Alhamisi. Nilimpitia asubuhi na mapema. Tulipofika foleni ilikuwa imeshazunguka ukumbi, na Mbonyezo wa kwanza ukatukuta tukiwa wa kumi na wanane. Nikamfuata nyumbani, nikamrudisha. Wa pili ukatukuta tuko wa nne. Nikamfuata tena. Kila mara nilimkuta mlangoni anafunga kanga, na kila mara nikajitambulisha upya, naye akaniamkia kwa heshima ileile. Kijitabu chake kilikuwa na majukumu yake tu, mimi sikuwamo.

Mara ya tatu nilitumia akili. Nikamwacha kwenye foleni, nikaenda mwenyewe chumba cha vioo kwa yule bwana wa glavu. Jina lake Bwana Mtengeti, na cheo chake Mbonyezaji Mkuu. Alinikaribisha vizuri. Nadhani hakupata wageni.

"Bwana Mtengeti, kitufe hiki mlikiweka kwa nini?"

"Kwa ajili ya siku moja tu, mama mgeni," akasema. "Mwanzoni hapakuwa na kitufe. Palikuwa na Kuaga. Jioni mwenye zamu anapita dirisha kwa dirisha anauliza, umemaliza? Karani anamalizia mstari wake, anaweka nukta, anafunika wino, anasema nimemaliza. Wakishajibu wote, taa inazimwa. Hakuna kilichopotea, hakuna wa kukagua kesho yake. Siku moja kuna karani hakujibu. Ameulizwa mara kumi, macho yako wazi, hajibu. Ofisi nzima ikamngoja hadi alfajiri. Ndipo kikatengenezwa kitufe. Kwa ajili yake."

"Hapo sikulaumu. Aliyeganda kabisa, utamfanya nini?"

"Eh, umenielewa. Mara ya pili tulikitumia kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mara ya tatu," akafungua kijitabu chake, "mara ya tatu sikumbuki. Sikuiandika."

"Na hilo swali la Kuaga, nani anauliza siku hizi?"

"Hakuna. Linachelewesha."

Nikamwambia alasiri ile asibonyeze mpaka dirisha la saba limalize. Akanitazama kwa huruma ya kweli. Alisema yeye habonyezi kwa kupenda. Wakipiga makofi, anabonyeza. Akisubiri mtu mmoja amalize, na yule wa pili atataka amalize, na nchi itaendeshwa na watu wanaomaliza. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia maafa.

Nilipotoka Sikudhani alikuwa dirishani. Mbele yake hakuna mtu. Nyuma yake watu hamsini.

"Mimi sikusema mtoto atumwe," alikuwa anasema. "Nilisema anaitwa Tumaini."

Shomvi akafungua daftari. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini nilipofika karibu niliona ameshika kalamu na hathubutu kuichovya.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "si kwamba sitaki. Nikiufungua huu mstari lazima niusome kwa sauti, nitafute shahidi, niandike, niweke nukta. Ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Mbonyezo ukinikuta mstari uko wazi, hata hicho kilichopo kitaondoka. Umeiona Nyumba ya Vipande, wanakowekwa waliovunjikiwa majina? Kuna mtu kule niliufungua mstari wake nimsaidie. Alikuwa Tuli, alitaka kuwa Tulinagwe. Leo anaitwa Tu. Yuko peke yake chumbani, hafanyi kitu, hamwiti mtu, kwa sababu daftari linasema tu. Sitaki mtoto wako awe hivyo. Tuma angalau anatembea."

Sikudhani akakishika kijitabu chake cha shingoni. Hilo hakulitegemea, au alikwisha kulisikia mara mia na kulisahau mara mia.

Wakati huo mlango wa pembeni ukafunguliwa na akaingia mtoto wa kike, sare kubwa kuliko mwili, kadi ndefu ya mihuri inamgonga magotini. Alikuwa anatoka Mizani. Akasimama katikati ya ukumbi, akaangalia madirisha, akasema kwa wote, "Shikamooni. Nimetumwa. Napokelewa wapi?"

Foleni ikaanza kupiga makofi.

Bwana Mtengeti akatoka na glavu zake. Niliangalia saa ya ukutani. Huo ndio ulikuwa Mbonyezo wa alasiri.

Nilifanya hesabu yangu ya kawaida, ya foleni, nani yuko mbele na angefanyaje upesi. Safari hii haikutoka. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya na lilikuwa la polepole. Nikavuka ukumbi, nikakifunga kile kifuniko cha chuma, nikakikalia.

Makofi yakakatika.

"Mama mgeni," Bwana Mtengeti akasema, "umekalia serikali."

"Nimekaa. Miguu inaniuma."

"Inuka tafadhali."

"Nitainuka ukishapita dirisha kwa dirisha ukauliza. Ulinieleza mwenyewe linaulizwaje."

"Halijaulizwa miaka mingi. Sijui kama nitalikumbuka lote."

"Ni neno moja."

Akatazama foleni. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba nitolewe kwa nguvu, mwingine akamuuliza nani atanigusa, kwani nani ameandikiwa kazi hiyo. Wakafungua vijitabu vyao. Hakuna aliyeandikiwa. Bwana Mtengeti akavua glavu, moja, ya pili, akaziweka mfukoni. Akaenda dirisha la kwanza.

"Umemaliza?"

Karani wa dirisha la kwanza alimtazama muda mrefu. Kisha akashika kalamu, akamalizia neno lililokuwa mbele yake, akaweka nukta. Akaiangalia ile nukta. "Nimemaliza," akasema, na akafunika wino.

Dirisha la pili likachukua muda zaidi, maana karani alikuwa na mistari mitatu wazi. Watu wakaguna. Mimi pia niliguna, ndani kwa ndani. Ulimi wangu ulikuwa unataka kusema *haraka jamani*. Niliubana kwa meno. La tatu. La nne. Kuna mwanamke kwenye foleni akakaa chini sakafuni akatoa muhogo wake. Wengine nao wakakaa. La tano. La sita.

"Umemaliza?" Bwana Mtengeti akauliza kwenye dirisha la saba.

Shomvi alikuwa anamtazama Sikudhani. "Bado," akasema. "Nina herufi tatu."

Neno hilo *bado* halikuwa limesikika katika ukumbi ule kwa muda ambao hakuna aliyeuandika. Bwana Mtengeti akageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa. Akamgeukia karani.

"Nasubiri," akasema.

Shomvi akausoma mstari kwa sauti: mtoto wa kike, wa Sikudhani, Tuma. Akaita shahidi. Nikanyoosha mkono pale pale nilipokaa. Akachovya kalamu. Akaandika i, akapumua. Akaandika n. Wino ukamwishia, akachovya tena bila haraka, sote tukasubiri. Akaandika i. Akaweka nukta, akaipuliza ikauke.

Yule mtoto alikuwa bado amesimama katikati ya ukumbi. "Napokelewa wapi?" akauliza tena, polepole, kama anadhani hakusikika.

Shomvi akaliinua daftari, akaligeuza lielekee nje ili lionekane. "Hapa pameandikwa Tumaini, wa Sikudhani," akasema. "Hakuna pa kukutuma."

Mtoto akaishika kadi yake ya mihuri kwa mikono yote miwili. Hakujua miguu ifanye nini. Sikudhani akavuta kigoda cha wateja, akakiweka karibu na dirisha, akakifuta kwa upindo wa kanga. Hakumkimbilia, alizoea kukimbia, lakini safari hii hakumkimbilia.

"Kaa," akasema.

Mtoto akakaa. Akasubiri kidogo aone kama ataambiwa ainuke. Kisha akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Shomvi akafunika wino. "Nimemaliza."

Bwana Mtengeti akamaliza madirisha, lakini hakwenda kwenye taa. Alikuja mpaka niliposimika makalio yangu, akasimama mbele yangu wima kama mtu wa zamu, na naona hapo alikuwa amelikumbuka lote.

"Na wewe, mama mgeni," akasema. "Umemaliza?"

Nilifungua kinywa kusema nimemaliza. Ndilo neno ninalolisema upesi kuliko yote.

"Bado," nikasema.

Nikafungua mkoba, nikatoa simu, nikatafuta jina. Iliita mara tano, mara sita. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa chini. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha ikapokelewa, na kimya cha upande wa pili nilikijua kuwa ni chake.

"Mwasiti," nikasema. "Malizia."